Kufuli Jekundu na Gurudumu la Tano

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Umewahi kuchungulia pale ambapo kichwa cha lori kinakutana na tela lake? Wengi wetu hatujawahi. Tunayaona malori hayo kila siku katika Barabara ya Morogoro, sisi tumebanana ndani ya daladala, yenyewe yanapanda kuelekea Kibaha na Chalinze na makontena yao. Tunachokiona ni matairi, moshi na maandishi ya nyuma ya tela. Hatuulizi ni nini kilichoushika mzigo ule wa tani 25 au 30. Mimi nimeuliza, kwa sababu siku moja niliuona ukiachia.

Kinachoushika ni pini moja. Naam, moja tu. Imesimama chini ya pua ya tela kama jino, na unene wake ni milimita 50, haupiti sana mpini wa jembe. Yapo matela ya mizigo mizito zaidi yenye pini ya milimita 90, lakini hii ya 50 ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Juu ya mgongo wa kichwa cha lori, ambacho madereva wetu hukiita hosi, ipo sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, yenye mwanya uliofunguka nyuma kama herufi V. Hosi inarudi kinyumenyume, pini inaingia mwanyani, mataya ya chuma yanaikaba shingo, komeo linajifunga. Pembeni ya sahani kuna mkono wa chuma. Ukiuvuta, mataya yanaachia. Ukirudi ndani wenyewe, maana yake yamekaba.

Sasa fikiri. Mkono huo uko nje, kila mtu anaufikia. Mlevi anaufikia. Mwizi anaufikia. Mtoto mtundu anaufikia, na hata utingo mwenye kinyongo na tajiri wake.

Kipande cha bapa

Baba yangu mdogo alianza kazi ya lori akiwa utingo, kabla hajakabidhiwa usukani. Usiku mmoja walilala njiani kwenye maegesho ya malori, na alfajiri dereva akawasha gari na kuondoka. Hawakufika mbali. Hosi ilitoka, tela likabaki. Pua yake ilidondoka, mabomba ya upepo yakakatika kwa mshindo kama wa bunduki, na gunia kadhaa za mchele zikamwagika. Kuna mtu alikuwa ameuvuta ule mkono usiku. Nani? Hakujulikana. Tajiri hakutaka hadithi ndefu. Alimwita utingo, akamwambia kazi basi, na hata mshahara wa mwezi ule hakuuona.

Alipokuja kupata leseni na lori la kuendesha, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea mtaani kwetu. Alichukua kipande cha chuma bapa cha shibiri moja, akakikunja kama herufi L, akakitoboa tundu mbili. Kilikaa nyuma ya mkono wa sahani kwa namna ambayo mkono haukuweza kuvutwa tena. Kilifungwa kwa kufuli, na kufuli likafungwa kwenye fremu kwa mnyororo wa baiskeli ili lisipotee. Kisha akalipaka kufuli rangi nyekundu, ile ya makopo madogo.

Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, "Ba'mdogo, kwa nini nyekundu?"

"Nikizunguka gari usiku na tochi, nilione haraka. Nisipoliona, siondoki."

Uzuri wa kile kidude haukuwa katika kufuli peke yake. Fundi alikipima kwa namna kwamba kama mkono haujarudi ndani kabisa, hata kwa upana wa kidole, bapa halikai na kufuli halifungi. Kwa hiyo kilikuwa mlinzi na kipimo kwa pamoja. Madereva wenzake walicheka kwanza. Baada ya mwezi, wawili walikuja kwa fundi yule yule kuomba kama kile.

Sikuandika haya ili nimsifu baba mdogo, ingawa anastahili. Nimeyaandika kwa sababu baadaye, nilipoanza kusoma historia ya vyombo vya usafiri, nilikuta kwamba swali lake ni la zamani sana, na kwamba watu wengi walilipia jibu kwa vidole vyao.

Farasi, pete na pini

Tuanze na majina. Kwa nini kichwa cha lori kinaitwa hosi? Neno hilo ni farasi kwa Kiingereza, na halikuja bure. Na ile sahani, jina lake la Kiingereza ukilitafsiri neno kwa neno ni "gurudumu la tano". Utashangaa: gurudumu gani, mbona halizunguki barabarani? Jibu liko kwenye magari ya farasi ya Ulaya na Marekani. Gari la farasi lilikuwa na magurudumu manne. Ili liweze kukata kona, ekseli ya mbele iliwekewa duara la chuma lililolala, na katikati yake pini kuu. Duara lile lililolala ndilo gurudumu la tano. Farasi walipoondoka na injini kuingia, majina yalibaki. Leo kijana wa Mbagala anasema hosi bila kumwona farasi, na hakosei.

Lakini hadithi yenye damu iko kwenye reli. Marekani ya karne ya 19 iliunganisha mabehewa kwa pete na pini. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, moja likija, akaishika pete kwa mkono na kuiongoza kwenye tundu, halafu akadondosha pini. Akichelewa nusu sekunde, vidole vimekwenda. Akiteleza, amekwenda mwenyewe. Ilifika mahali mtu akitafuta kazi ya reli, vidole vilivyopungua vilikuwa cheti chake cha uzoefu.

Mwaka 1873, mtu mmoja wa Virginia, Eli Janney, alipata hataza ya kiunganishi kinachojifunga chenyewe. Hakuwa mhandisi. Alikuwa karani wa duka, aliyewahi kupigana upande wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Inasimuliwa kwamba alichonga mfano wake wa kwanza kwa kisu cha mfukoni, kwenye kipande cha mti. Kunja vidole vya mkono wa kulia, kunja vya kushoto, vipachike pamoja kisha uvute. Umeona? Hicho ndicho kiunganishi cha Janney. Mabehewa yakigongana kidogo yanashikana yenyewe, na mtu hana haja ya kuingia katikati.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1872, George Westinghouse alikuwa amepata hataza ya breki ya upepo inayojifunga yenyewe bomba likikatika. Akili yake ilikuwa ya kugeuza mambo: upepo usiwe wa kufunga breki, uwe wa kuzizuia zisifunge. Upepo ukipotea, breki zinakamata. Mpaka leo, tela likikatika kwenye hosi na bomba la upepo likang'oka, breki zake hukamata kwa akili ile ile ya 1872.

Basi ungetegemea kwamba kufikia 1875 mabehewa yote yangekuwa na viungo vya Janney. Wapi! Wenye reli walisema ni ghali. Mikono ilikuwa rahisi kuliko vyuma, kwa maana mkono ukikatika anaajiriwa mwingine, lakini chuma lazima ukinunue. Ilibidi mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, apige kelele kwa miaka mingi, kwenye magazeti, kwenye mikutano, kwenye milango ya wakubwa, baada ya kumwona mfanyakazi wa reli akipoteza vidole mbele ya macho yake. Sheria ilitiwa saini na Rais Benjamin Harrison Machi 2, 1893, na makampuni yakaongezewa muda hata baada ya hapo, mpaka 1900. Hesabu mwenyewe: kuanzia hataza ya Janney mpaka sheria, miaka 20.

Na hapo bado. Agosti 1900, huko Utah, mfanyakazi mmoja wa reli jina lake Johnson aliambiwa aunganishe injini na behewa la chakula. Vyote viwili vilikuwa na viunganishi vinavyojifunga vyenyewe, kila kimoja kwa namna yake. Tatizo ni kwamba vilikuwa vya aina mbili zisizoelewana. Vikakataa kushikana. Johnson akaingia katikati, na mkono wake ukasagika, ukakatwa juu ya kifundo. Kampuni ikajitetea kwamba vyombo vyote vilikuwa na kifaa kinachotakiwa. Mahakama ya rufani ikakubaliana na kampuni mwaka 1902. Ni mwaka 1904 tu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba sheria haikudai kifaa kiwepo kwa ajili ya kuwepo. Ilidai kwamba magari yaunganike bila mtu kuingia katikati.

Nisomapo kisa hiki huwa nasimama hapo. Kifaa kipo, mkono umekwenda. Shika maneno hayo, nitayarudia.

Mashua ya tajiri wa mbao

Kwenye barabara mambo yalianza polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Alexander Winton wa Cleveland, aliyekuwa akitengeneza motokaa, alihitaji njia ya kuzifikisha kwa wateja bila kuzichakaza, akatengeneza tela la kuzibebea. Mwaka 1914 mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, alitaka mashua yake ipelekwe ziwani. Akamwendea mhunzi aitwaye August Fruehauf. Mhunzi akaunganisha tela na Ford Model T. Mashua ikafika. Sibley akaona, kumbe hata mbao zinaweza kubebwa hivi, akaagiza mengine. Mwaka 1918 Fruehauf akaandikisha kampuni ya matela.

Katikati ya miaka ile ya 1910 Charles Martin naye alileta sahani inayotikisika mbele na nyuma, ili hosi ikipanda tuta na tela likiwa bado bondeni, pini isipindwe. Toka hapo mafundi wameongeza mataya bora, komeo la pili, na siku hizi sahani nyingi hutoka kiwandani na tundu au ndoano ya usalama ya kuzuia mkono usivutwe. Yaani kile alichokifanya ba'mdogo kwa bapa na mnyororo wa baiskeli, viwanda vinakijua pia. Tofauti ni nani anakinunua, na nani anapokea lori kuukuu ndoano ikiwa imeshapotea zamani.

Kwetu huku, barabara ya Tunduma ina shule yake. Novemba 11, 1965, utawala wa Ian Smith ulipojitangazia uhuru Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imekuwa ya mashaka. Mafuta yakabidi yaingie kupitia Dar es Salaam, na shaba itoke huko huko, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Wageni waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za Jehanamu. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, ikatumia Fiat za Italia. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakamilika 1975 na kufunguliwa rasmi 1976. Lakini malori hayakutoka barabarani. Safari ya zaidi ya kilomita 900, mlima Kitonga ukiwa katikati, inamfundisha mtu kutumia alicho nacho. Kipuri kiko ng'ambo, wewe uko Ruaha Mbuyuni. Utafanyaje?

Siku niliyofunga kufuli

Sasa nirudi kwangu. Nikiwa na miaka 15, likizo ya Juni, ba'mdogo alinichukua safari. Nilijiona dume! Utingo wake alikuwa anaumwa, kwa hiyo kazi ndogo ndogo zilikuwa zangu: kupiga matairi kwa fimbo, kuweka mawe, na kazi ya heshima kuliko zote, kufunga kufuli jekundu.

Kwenye yadi moja nje ya mji wa Morogoro tuliacha tela letu na kuchukua jingine, lililokuwa limesimama kwa miguu yake ya mbele. Ardhi ya pale haikuwa sawa, na aliyeliacha alikuwa ameinua miguu kupita kiasi. Pua ilikuwa juu. Sikuijua maana yake. Ba'mdogo alirudisha hosi, nikasikia "kwaa!", mkono ukarudi ndani. Msimamizi wa yadi alikuwa anapiga kelele za karatasi, ba'mdogo akashuka kwenda kusaini. Akanipigia ukelele, "Funga, dogo!" Nikaweka bapa. Likakaa barabara. Nikafunga kufuli. Nikakunja miguu ya tela, nikaunganisha mabomba ya upepo, nikapanda. Yeye akarudi mbio, akaliona jekundu kwa mbali, tukaondoka.

Getini kulikuwa na mama lishe, na meza yake, na sufuria ya maharage juu ya mafiga. Tulipokata kona kuingia barabarani nilisikia kitu kama jiwe kubwa likiburuzwa. Halafu mshindo wa upepo. Hosi ikaruka mbele, nyepesi ghafla. Nilipogeuka, tela lilikuwa limelala kwa pua yake ukingoni mwa mtaro, na meza ya yule mama ilikuwa chini yake.

Sikuweza kushuka. Miguu ilikataa. Ba'mdogo alishuka akikimbia, anaita, "Mama! Mama!" Na mama akaitika kutoka upande wa pili wa barabara, ndoo ya maji kichwani. Alikuwa ameenda bombani.

Kufuli lilikuwa limefungwa vile vile. Jekundu, zuri, mahali pake.

Ba'mdogo hakunipiga. Alinivuta kwa mkono mpaka nyuma ya hosi, akaniuliza, "Ulichungulia?"

"Nilifunga kufuli, ba'mdogo."

"Sikukuuliza kufuli. Ulichungulia?"

Akanionyesha kwa kidole. Kwa kuwa pua ya tela ilikuwa juu mno, pini haikushuka mpaka mahali pake. Mataya yalijifunga, lakini chini ya pini, yakikaba hewa. Mkono ulirudi ndani kana kwamba mambo ni shwari, bapa likakaa, kufuli likafunga. Kile kidude kilipima mkono. Hakikupima pini. Dawa yake ilikuwa rahisi, na kila dereva anaijua: tazama kwanza kama tela limelala juu ya sahani bila mwanya wa kupenya mwanga, ingia chini na tochi uone mataya yameshika shingo ya pini, kisha, kabla miguu haijakunjwa na breki za tela zikiwa zimekamata, ivute hosi mbele kidogo uone kama inagoma. Dakika tatu, nne. Siku zote alizifanya. Siku ile aliona jekundu, akaliamini.

Wenye gari walimkata mshahara wa miezi miwili. Aliwaambia kosa ni lake. Jina langu hakulitaja, wala hakusema kwamba aliyefunga ni mtoto wa shule. Meza na maharage ya yule mama alilipa mfukoni mwake siku ile ile. Mimi nilijua, nikanyamaza. Yeye aliyewahi kufukuzwa utingo kwa kosa la mtu asiyejulikana, safari hii alikuwa na wa kumsukumia lawama, amekaa pembeni yake kwenye kiti. Hakufanya hivyo.

Kilichobaki

Ndiyo maana kisa cha Johnson kinanishika koo. Kampuni ilisema kifaa kipo. Mimi nilisema kufuli nimefunga. Wote wawili tulisema kweli, na mkono ulikwenda, na meza ikalaliwa na tela. Kifaa hujibu swali moja tu, lile lililomfanya mtu akitengeneze. Ba'mdogo aliulizwa na maisha: nani kavuta mkono usiku? Akajibu kwa bapa na kufuli, na jibu lake lilikuwa sahihi mpaka leo. Swali la pini iliyokaa juu ya mataya lilikuwa jingine.

Lipo na la tatu. Coffin alihangaika miaka yote ile kwa sababu vifaa havikukosekana, kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha wenye mali wavinunue. Dereva anapochonga usalama wake mwenyewe kwa vyuma chakavu, tumsifu, lakini tumuulize pia tajiri wake fedha ya ndoano ilikwenda wapi. Tusije tukaisifia akili ya maskini mpaka tukasahau kwamba alilazimishwa kuwa nayo.

Wenzangu mnaoandika, nina ombi moja. Janney tunamjua kwa sababu alikwenda kuandikisha hataza. Fruehauf tunamjua kwa sababu alikuwa na kampuni. Yule fundi wa mtaani kwetu aliyelipima bapa kwa jicho mpaka likakataa kukaa mkono ukibaki nje kwa kidole kimoja, hana mahali alipoandikwa isipokuwa hapa, na hata hapa sikumtaja jina. Gereji zetu zimejaa watu wa namna hiyo. Nendeni mkakae nao, mnywe nao chai, muulize "hiki ni cha nini, na kilitokea nini mpaka ukakitengeneza?" Swali hilo la pili ndilo lenye historia.

Ba'mdogo aliendelea kutumia kufuli lile mpaka alipoacha kuendesha. Lakini baada ya Morogoro aliongeza kitu. Kwenye mnyororo ule ule wa baiskeli alining'iniza tochi ndogo ya betri mbili, na ufunguo wa kufuli akaufunga kwa mpira wa tyubu kwenye mpini wa tochi. Hukuweza kufunga kufuli bila kwanza kuwa na tochi mkononi. Na ukishakuwa na tochi mkononi, aliniambia, utaona aibu kutochungulia.